Uchafu wa Wilf

Jumatatu, 4 Machi
Mambo yamenyooka! Marehemu Wilf aliendesha treni za dizeli za Aina ya 37 maisha yake yote. Alipostaafu akatengeneza mfano wa kichwa cha treni yake, urefu wa rula. Mjane wake, Glenys, amekileta kwenye klabu yetu ya watengeneza treni za mfano. Jumamosi kwenye maonyesho ataamua nani akitunze, mimi au mwanachama mwenzangu Desmond. Wiki hii kiko kwangu. Nakitaka mno. Wilf alikuwa rafiki yangu, nami sina kumbukumbu yake nyingine.

Jumanne, 5 Machi
Nimekikagua. Aibu! Masizi juu ya paa, kutu ubavuni, doa la mafuta mlangoni. Vya kwangu vyote hukaa kwenye maboksi yake, havijui vumbi. Desmond ndiye hupaka vyake matope makusudi, eti vionekane vimefanya kazi. Mtu mzima na akili zake! Nimepata wazo. Mswaki, spiriti, na subira.

Jumatano, 6 Machi
Kinang'aa. Desmond alipita, akakitazama. Akauliza taratibu kama Glenys ameshakiona. Nikamwambia asubiri Jumamosi. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Machi
Glenys alikigeuzageuza mikononi. Nilingoja sifa.

"Mervyn, masizi yako wapi?"

Nikasema kwa fahari kwamba nimeyatoa yote. Akatafuta kiti, akaketi.

"Majira yote ya baridi Wilf alikuwa anayapaka, na picha ya treni yake ya mwisho iko mbele yake. Lile doa la mlangoni alilipaka kwa kidole."

Desmond akasema anaweza kuurudisha uchafu ule.

"Utakuwa wako, Desmond. Hautakuwa wa Wilf."

Glenys akakifunga kwenye skafu yake, akaenda nacho nyumbani. Nilitamani ardhi inimeze. Nimemfuta rafiki yangu kwa mswaki.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Glenys ana utu: alinipa chai na keki, akasema yaliyopita si ndwele. Basi tugange yajayo! Nyuma ya mlango wake lilikuwa linaning'inia koti la kazi la Wilf, kola nyeusi kwa grisi, likinuka dizeli hadi sebuleni. Maskini, mwaka mzima hajapata nguvu za kulifua. Alipoingia jikoni nikalitia kwenye begi langu. Sasa limo kwenye beseni la sabuni, na maji yamekuwa meusi tii. Kesho nitampelekea likinukia maua.