Gia Boksi ya Mama wa Usoke

Gari zima halimpi Uwesu ulaji, na gari bovu kwelikweli hajui kulitengeneza. Riziki yake ipo katikati, kwenye gari linaloumwa leo, kesho likapona lenyewe, keshokutwa likaumwa tena na kumwacha mwenye gari hajui amlaumu nani. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoliona gari dogo jeupe la otomatiki likijia kibanda chake cha ufundi, mtaa wa Kanyenye, kwa kwikwi, likinguruma huku halisogei kwa maana, alitupa mswaki wake na kuvaa ovaroli.

"Shikamoo mama," alisema, kwa ile sauti anayoitoa kwa wateja tu.

"Marahaba baba. Ndiye wewe fundi wa kompyuta?"

Fundi wa kompyuta! Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa sababu ya kimashine chenye vitaa anachokichomeka chini ya usukani. Kukichomeka anajua. Kukisoma ni habari nyingine.

Mama aliitwa Consolatha, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke. Kanga mabegani, rozari shingoni, ndala zenye vumbi la safari. Mtoto wa mjini akimwona mtu wa namna hiyo kwenye usukani wa gari, mate yanamjaa mdomoni.

"Linaniua, baba," mama alisema. "Likijisikia linakwenda vizuri tu. Likinuna, taa ya njano hiyo inawaka, linang'ang'ania gia moja, halibadilishi. Nikizima nikawasha, limepona. Hata padri kalimwagia maji ya baraka."

"Likapona?"

"Mpaka Jumatatu."

Uwesu alifunua boneti, injini ikiwa inaunguruma. Tumpe haki yake, waya anazijua. Vidole vyake vilipita kwenye fungu la waya zitokazo kwenye gia boksi, vikasimama kwenye mmoja uliochubuka, shaba iko nje. Akautikisa, taa ya njano ikawaka. Akamwomba mama azime na kuwasha, akaushikilia waya kwa kidole, taa ikatulia. Akautikisa tena. Ikawaka tena.

Moyo ukamruka. Kumbe ugonjwa wote ni huu! Gari zima la kupona kwa kipande cha utepe! Fundi mwenye haya angemwambia mama, "Ni waya tu huu, kaa hapo kidogo." Lakini fundi mwenye haya hakuwepo. Alikuwepo Uwesu.

Na Uwesu ana kitambaa chake. Hukaa mfuko wa kushoto wa ovaroli, kimelowa oili iliyoungua, nyeusi tii, aliyoikinga kwenye lori moja lililokufa zamani. Hakifui. Kazi yake ni moja: anachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, anakifuta kwa kitambaa kile, kisha anampa mteja anuse. Wateja wengi wakishanusa hawaulizi tena.

Akachomoa kijiti, akafuta. Harufu ya kuungua ikampanda puani mwenyewe, kali kuliko siku zote, mpaka macho yakamchonyota. Akajisifu moyoni, "Leo kitambaa kimekolea."

"Nusa, mama."

Consolatha alinusa, akashika kifua. "Yesu na Maria! Ndiyo nini hiyo?"

"Gia boksi imekufa."

Alisema kwa sauti, watu wasikie, maana maneno ya fundi yakisikiwa na wengi yanakuwa na uzito. Nao watu wa Kanyenye hawaitwi mara mbili kwenye msiba wa gari la mwenzao. Walishajaa.

"Haitengenezeki kabisa?"

"Labda urithi nyingine, mama. Ukiondoka nalo hivi, litakufia porini ulale na fisi."

Mama akalia. Machozi ya kweli, ya kufuta kwa pindo la kanga. "Sasa Usoke nitarudije mimi?" Akatazama huku, akatazama kule, jicho likatua kwenye pikipiki nyekundu iliyoegeshwa kibandani. "Ile ya nani?"

Pikipiki ile ilikuwa ya Ummy, mke wa Uwesu. Aliinunua kwa jasho lake la kuuza mchele, na ndiyo inayombebea magunia kwenda sokoni kila siku ya Mungu. Asubuhi alikuwa amemwazima mumewe aende kuchukua spea tu, akamwambia akirudi bila hiyo pikipiki atafute pa kulala. Uwesu aliyakumbuka yote hayo, neno kwa neno.

"Yangu," alisema.

Hapo mjini mali haibadilishwi mkono kwa mkono mjumbe asiposikia. Wakakubaliana gari kwa pikipiki, wakamfuata Mzee Shaban, mjumbe wa eneo lile, naye akaja na kiti chake cha plastiki, akakaa jua lisimfikie.

"Mama, sema kasoro ya gari lako, nisije nikasumbuliwa kesho," alisema.

"Mimi, mzee wangu, majina ya vyuma sijui. Aseme fundi, ndiye aliyepima."

Uwesu akasimama katikati ya watu, kifua mbele. "Gia boksi imekufa. Nalichukua kama lilivyo."

"Kama lilivyo?"

"Kama lilivyo, mzee. Nitalikata vyuma."

Basi mjumbe akasema amesikia, na watu wakasema wamesikia. Consolatha akajifunga kanga kiunoni, akaipanda pikipiki ya Ummy, akaiamsha kwa pigo moja, akatia gia ya kwanza, ya pili, huyoo, akapotelea barabara ya Urambo. Mtu mwenye akili angejiuliza mama aliyeshindwa na gari lake amejifunzia wapi kuendesha hivyo. Uwesu hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Alikuwa anatafuta utepe.

Akauzungushia waya, akabana, akawasha. Taa kimya! Akavua ovaroli, akaitundika kibandani, maana mwenye gari haendeshi na ovaroli, akashika njia ya Kigwa kulinyoosha. Kioo chini, kiwiko nje, honi kwa kila anayemjua na asiyemjua.

Gari lilikwenda vizuri mpaka lilipopata moto. Kisha mngurumo ukapanda, mwendo ukashuka. Akakanyaga, likanguruma zaidi, likazidi kupoa mwendo. Baiskeli ya mkaa ikampita. Mbuzi akampita, tena mbuzi aliyekuwa anakula. Mwisho gari likasimama katikati ya barabara, injini ikipiga kelele, magurudumu hayana habari. Na taa ya njano haikuwaka hata kidogo. Waya ulikuwa mzima.

Uwesu akashuka, akachomoa kijiti cha oili, safari hii kwa vidole vitupu. Oili nyeusi tii. Harufu ile ile ikamkata pua, na kitambaa kilikuwa kimetundikwa Kanyenye.

"Mungu wangu," alisema.

Akaufungua utepe, akautazama waya vizuri. Haukugusana na chuma chochote cha kuuchubua. Ulikuwa umemenywa kwa wembe, duara safi, na mtu asiye na haraka. Uliwekwa pale ili fundi mjanja auone, afurahi, asitafute zaidi. Fundi mjinga angeendelea kupekua, akaikuta gia boksi iliyooza. Uwesu aliufunga tena waya kwa utepe, akaketi ukingoni mwa barabara akamtukana Consolatha, akamtukana na padri, mpaka trekta la kuni za kukaushia tumbaku lilipomhurumia na kumvuta kurudi mjini.

"Mzee Shaban, nimeibiwa! Gia boksi imekufa!"

"Si ulituambia?"

"Ndiyo, lakini wakati ule nilikuwa nadanganya!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjumbe alisubiri watulie. "Ulidanganya, ikawa kweli. Mimi hapo nimwandame nani? Nenda nyumbani."

Trekta likalifikisha gari mlangoni kwake na kuondoka zake. Ummy alikuwa barazani na magunia yake ya mchele.

"Baba Najiat, pikipiki yangu iko wapi?"

"Nimebadilishana... na hili gari."

Alijiandaa kutukanwa. Ummy hakutukana. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akahesabu kwa macho magunia yanayoingia, na uso wake ukalainika namna ambayo Uwesu hakuiona tangu waoane. Akayapakia mwenyewe, akakaa mbele, akajifunga kanga vizuri.

"Kumbe una akili. Haya, twende, soko linajaa."

Uwesu akaingia, akawasha. Gari likanguruma mtaa mzima ukasikia. Halikusogea hata kidole.

"Mbona haliendi?"

"Gia boksi imekufa, mama Najiat."

Tangu aanze ufundi, hii ndiyo mara ya kwanza kumpimia mtu gari akamwambia ukweli. Ummy alimtazama, akasonya.

"Hayo kawaambie wateja wako. Mimi ni mkeo."

"Wallahi imekufa!"

"Usimwingize Mungu kwenye wizi wako. Shuka ukakaze waya tuondoke, wanunuzi hawanisubiri mimi."

Uwesu akashuka, akafunua boneti, akaushika ule waya, mzima kabisa, akaanza kuukaza.