Ombi la Kupunguziwa Boti Moja

Kwa Ndugu Muuza Boti,
Yadi ya nyuma ya kiwanda cha barafu.

YAH: KUWEPO KWA BOTI MBILI NZURI KATIKA YADI MOJA

Kosa wanalofanya watu wengi wanapokwenda kununua chombo ni kudhani kwamba muuzaji mbaya ni yule asiye na bidhaa, au mwenye bidhaa mbovu. Sivyo. Kwa asiye na bidhaa unarudi nyumbani mapema, ukakuta chakula bado cha moto. Mwenye bidhaa mbovu unamsema kidogo, anakusema kidogo, mnaagana. Muuzaji wa kuogopwa ni yule mwenye bidhaa mbili, zote nzuri, amezipanga sambamba, halafu anakutabasamia. Ndugu, huyo ni wewe.

Naandika kwa heshima. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi na sina mazoea ya kulalamika bila kuonyesha njia. Nitakwenda hatua kwa hatua, na mahali ambapo hutaelewa unaweza kurudi nyuma ukasoma tena bila aibu.

Ukumbuke kwanza kilichotuleta kwako. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, anaishi ng'ambo ya maji. Nikikaa barazani kwangu naliona paa lake, na asubuhi nauona moshi wa jiko lake. Tangu kivuko kilipoharibika, kumfikia ni kuzunguka kwa gari kutwa nzima, na magoti yake hayataki gari. Binti yake aliyeolewa mbali amemwandalia chumba. Dada amesema waziwazi: nikipata boti ya kutuvusha, atabaki kwake, nisipopata, atahama. Kwa umri tuliofikia, akihama sijui kama tutaonana tena. Basi kazi ilikuwa nyepesi: boti moja ndogo ya alumini, injini moja ya kufunga nyuma, tumemaliza. Nikaja kwako. Nikakuta mbili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Una boti mbili. Moja ni bapa chini, pana, imetulia. Nyumbani tunaiita Sinia. Nyingine imechongoka chini; hiyo ni Kisu. Ndani ya Sinia unaweza kusimama ukavaa koti, lakini wimbi likija inalipiga kofi mpaka meno yanagongana. Kisu inapita kwenye wimbi kwa adabu, lakini ukiinuka ghafla kufukuza nzi, mnaogelea wote. Sifa ya moja ndiyo kasoro ya mwenzake. Swali la namna hii halina jibu, na mwalimu mwenye huruma halitoi kwenye mtihani. Wewe umeipa familia yangu.

2. Hutaki kusema uongo. Nilikuuliza mbele ya mke wangu ipi ni mbaya, ukasema, "Mzee wangu, zote nzuri, ni wewe tu na roho yako." Nikakuvuta pembeni, nikakuuliza tena kwa kunong'ona. Ukashtuka, ukasema, "Mzee, kwani mimi nikudanganye?" Ndiyo, ndugu. Ndicho nilichokuwa nakuomba. Muuza viatu wangu ananidanganya, muuza nyanya ananidanganya, na wote tunaishi vizuri sana. Hii roho nyeupe uliyonayo ungeipeleka kwenye biashara nyingine, isiyohusu watu wenye haraka.

3. Ulituachia tuzijaribu nchi kavu. Sisi wa nyumba yangu hatununui kitu ambacho hatujakikalia. Hata kitanda chetu tulikilalia dukani, mke wangu na mimi, mpaka mwenye duka akazima taa. Kwa hiyo kila Jumamosi tulikuja, ukatuwekea boti juu ya tairi kuukuu, tukapanda. Shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyekuwa wimbi. Alishika ubavu wa boti akautikisa kwa nguvu zake zote huku akivuma kama upepo. Mke wangu alikaa mbele na kikapu mapajani akiamrisha, "Sasa lete la pembeni! La pembeni, wewe!" Mimi nilikaa nyuma, nimeshika mkono wa injini ambayo haikuwepo.

Sinia haikujitikisa. Kisu ililala ubavu mara moja, mke wangu akamwagika pamoja na kikapu. Nilieleza papo hapo kwamba ushahidi huo si wa haki, maana chombo kilichochongoka chini hakiwezi kusimama juu ya tairi, kinahitaji maji ya kukishika pande zote. Nikachora na mchoro mchangani. Mke wangu, akiwa bado anajipangusa, akasema, "Mchoro wako haukudondoka. Mimi nimedondoka." Ulikuwepo, ndugu. Ulicheka. Na maji yalikuwa pale pale nyuma ya uzio wako. Hukutuambia twende tukajaribu huko, nasi, lazima nikiri, hatukuwaza.

4. Sebule yangu imeharibika. Ili tuamue kwa akili badala ya hasira, nilichukua chaki nikachora boti zote mbili sakafuni, kwa ukubwa wake kamili. Ilibidi meza ihamie uani na kabati lizibe mlango wa jikoni nusu. Sasa mgeni akiingia hajui akae wapi, kwa sababu akikaa ndani ya mchoro mmoja amepiga kura. Mchungaji alikuja kutujulia hali, akakaa ndani ya Sinia kwa kuwa iko karibu na feni. Mke wangu akamletea chai na maandazi, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Jirani alikaa ndani ya Kisu. Hakupewa hata maji. Asubuhi ya jana nimeamka nikakuta Kisu imepigwa deki. Sinia haijaguswa. Mke wangu anasema ni usafi wa kawaida.

5. Umemvuruga shemeji. Kisu imechomelewa, Sinia imefungwa kwa ribiti, vile vipini vya kugongwa, nami nilitegemea fundi wa kuchomelea asimame na kazi ya wenzake. Akapitisha kidole kwenye viungo vyote, akaguna, akasema Kisu imechomelewa vizuri, ila angechomelea yeye ingekuwa vizuri zaidi, kwa hiyo moyo wake unakataa kuiunga mkono. Sinia nayo hawezi kuiunga mkono kwa kuwa haikuchomelewa. Sasa anataka tuitishe kikao kingine, kikubwa, na wajomba waje.

Sipendelei upande wowote. Nasema tu kwamba ikiondoka Sinia sitalia.

Baada ya kueleza hayo, naomba ufanye mojawapo ya mambo yafuatayo, au yote. Kwanza, umuuzie mtu mwingine boti moja, yeyote, hata kama anakaa mlimani na anataka kunyweshea ng'ombe. Usinieleze ipi imekwenda mpaka mtu huyo awe mbali. Pili, mteja asipopatikana, uchukue nyundo uibonyeze moja mahali panapoonekana, usiitoboe, uiaibishe tu, ili tukija tuikatae kwa kauli moja na kila mtu abaki na heshima yake. Tatu, hayo yote yakikushinda, uifukie. Mchanga unao. Tukija kuuliza, wewe na wafanyakazi wako mtushangae, mseme boti imekuwa moja siku zote, na kwamba wazee wakichoka huona vitu viwili viwili. Nitakuunga mkono. Nitasema hata mimi nilikuwa nashangaa.

Usinione mkorofi. Nimekuwa nikimpigia dada simu kumpa habari za maendeleo: leo tumejadili upana, leo tumejadili viti. Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi anasema tu, "Haya, mdogo wangu," na anaiweka simu chini kabla yangu.

Nisalimie fundi wako wa injini, ambaye amekuwa mvumilivu. Mlinzi wa langoni, anayeshika fimbo ya kutembelea ya mke wangu kila tunapopanda. Na wateja wote waliokuja siku ile kununua kamba wakabaki kutazama. Waambie mke wangu hakuumia.

Ni mimi, mteja wako asiyenunua lakini mwenye nia njema,

Mwalimu Mstaafu,
nyumba yenye baraza inayotazama maji.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Dada amepiga simu sasa hivi. Hakunisalimia. Lori la mkwewe limefika, vitanda vimeshapakiwa, sufuria zimeshapakiwa, na kesho kukipambazuka anaondoka. Akaniuliza, "Hivi nyinyi mlikuwa mnanunua boti au mnaposa?" Ila safari hii hakuiweka simu chini. Halafu akasema kiti chake cha barazani bado hajakipakia.

Kwa hiyo yafute yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza. Ulisema kweli, zote nzuri. Usiuze, usibonyeze, usifukie. Nimemwambia mke wangu nakubali Sinia. Amesema yeye alikuwa amekuja kuniambia anakubali Kisu, na tukaanza tena, ndugu, Mungu anisamehe, tukaanza tena, mpaka akatazama ng'ambo akaona lori kwa macho yake, akaenda kuvaa viatu.

Anayekukabidhi karatasi hii ni shemeji. Amekuja mbio na dumu la petroli. Mwache apumue, na tafadhali usimwombe maoni. Sisi tuko nyuma yake, tunakuja kwa mwendo wetu. Chukua boti yoyote iliyo karibu na mkono wako, ifunge injini, ishushe majini leo hii.