Chura Siwezi

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya kwaya nzima. Nimetia karatasi mbili za kaboni chini ya barua hii ili nyote watatu, ndugu zangu, mpate habari hii kutoka kwangu mwenyewe, kabla haijawafikia ikiwa na chumvi.

Mnajua nimeshona nguo hapa Kisumu miaka tisa bila likizo. Mwaka huu, baada ya kumzika baba, nikasema basi, cherehani ipumzike na mimi nipumzike. Nikachagua Mageta, kile kisiwa cha ziwani ambako baba alifungwa na wakoloni siku za hali ya hatari. Si alikuwa akituambia? "Mahali pazuri sana. Ubaya wake, ukitaka kuondoka unaulizwa kwa bunduki." Nilitaka nikae wiki moja tu, niyaangalie hayo maji kwa niaba yake.

Jirani yangu Mama Atieno kwao ni huko huko. Aliposikia, alipanga kila kitu: boti ya kutoka Usenge, kitanda, hata chandarua. Mimi sikumwomba. Lakini wiki nzima akawa ananisifia kitu kimoja.

"Mama Njeri, chula yetu ni tamu! Asubuhi ndio tamu zaidi. Wageni wanaogopa mara ya kwanza, halafu wanazoea."

Mimi nikasikia chura. (Msinilaumu. Mnayajua masikio yetu sisi watu wa mlimani: L na R ni pacha, na hata mama yao huwachanganya.) Chura! Asubuhi! Na chai!

Nikamwuliza Baba Njeri nifanye nini. "Mwambie mapema," akasema bila kushusha gazeti. "Ukishafika, utakula."

Basi leo mchana mama yake Mama Atieno, ambaye sote tunamwita Dani, yaani nyanya, alifika mjini kunitazama kabla ya safari. Nilimkuta ameketi sebuleni kwa bintiye pamoja na akina mama sita wa kwaya. Miguuni pake palikuwa na kikapu kilichofunikwa leso. Akanishika mikono yote miwili.

"Ya mgeni wetu," akasema, akanisogezea kikapu.

Kikapu kikaruka!

Nami nikaruka. Nilijikuta juu ya kochi, na viatu vyangu. "Mama, nisamehe! Chura siwezi! Kanisa letu haliruhusu!"

"Kanisa gani?" Mama Atieno akauliza. "Si tuko kwaya moja?" (Mimi ni sauti ya pili. Nimesimama ubavuni mwake miaka minne.)

Dani akamgeukia bintiye. "Hawezi chula? Basi hataki kwetu." Akaanza kukaza leso kiunoni, aende zake.

Mama wa watu amevuka ziwa kwa ajili yangu, nami namtukana nikiwa juu ya kochi la binti yake! Na safari yangu ya baba ndiyo hiyo inatoka mlangoni.

"Kwenda nataka!" nikapiga kelele. "Kula ndiyo sitaki!"

"Kula nini?"

Nilisema chura mara tatu, R ikinitoka L, na kila nikisema walizidi kunishangaa. Basi, wenzangu, nikashuka. Nikachuchumaa katikati ya sebule, mashavu nimeyajaza hewa, nikarukaruka mpaka mezani. Krooo! Krooo! (Mwanamke mzima. Mama wa watoto wanne.)

"Ogwal!" Mama Atieno akapiga yowe. "Anasema ogwal, chura! Mama Njeri, chula ni kisiwa! Kisiwa kwa Kijaluo!"

Sauti ya kwanza yote ilianguka chini kwa kicheko. Kikapuni alikuwamo kuku mwekundu mnene, niliyeletewa mimi, naye alinitazama kwa huruma. Dani alicheka wa mwisho kwa kuwa Kiswahili chake ni kidogo naye alingoja atafsiriwe, lakini ndiye aliyecheka zaidi, mpaka machozi. Kisha akanivuta nikakaa karibu naye.

"Baba yako walimleta chula na nguvu," akasema. "Hakuna mtu alimwambia karibu. Wewe, nyathina, mimi ndio nakuambia."

Nyathina ni mwanangu. Hilo nililielewa bila kutafsiriwa, na nililia kwenye bega lake, kuku akinidonoa kiatu. Hawa watu hawana deni lolote na mimi. Nawashukuru mpaka sijui shukrani nizianzie wapi.

Boti ni Alhamisi. Tafadhali msicheke mpaka niwe nimevuka. Na wewe uliyepata kaboni ya mwisho, kama maandishi yamefifia, shukuru Mungu. Nimesema tu kwamba nakwenda chula. Kwa L.