Mishipa ya Jicho la Mama Nyirabagenzi

Jumatatu, 6 Februari 2023. Mushaki.
Mashine ya kupiga picha ndani ya jicho imefika kwenye kituo chetu cha afya. Eti inaonyesha hata mshipa mwembamba kuliko unywele. Papa Grégoire, mkubwa wetu, ameniambia niitumie pamoja na muuguzi Hélène. Pamoja! Mimi niliyesomea macho miezi mitatu mizima! Mgonjwa wa kwanza, Mama Nyirabagenzi, ana ugonjwa wa sukari, na jicho la kushoto linafifia. Daktari wa Goma akiiona picha, ataamua kama mama apelekwe haraka, kabla vita havijafunga barabara ya Sake kwenda Goma. Picha yangu: uji mtupu, hakuna mshipa hata mmoja.

Jumanne, 7.
Milio ya bunduki tangu asubuhi. Nimechoka. Hélène anataka matone ya kupanua mboni, chumba kiwe giza, tungoje nusu saa. Nusu saa! Nimekataa. Nimeichukua picha ya jana kwenye kompyuta, nikaongeza kontrasti: cheusi kiwe cheusi zaidi, cheupe kiwe cheupe zaidi. Mpaka mwisho. Mishipa imetokea! Mingi! Nimemtumia daktari, chini nimeandika jina langu peke yake.

Jumatano, 8.
Daktari amepiga simu. Ameuliza kama nilipiga picha ya jicho ao ya mizizi ya muhogo. "Hii mishipa ingine haiko, Papa Eugène. Iko vumbi ya lenzi!" Papa Grégoire alisikia yote. Mama Nyirabagenzi hakunikaripia. Aliuliza tu kama atawaona tena wajukuu wake. Nikajifanya natafuta kitambaa.

Alhamisi, 9.
Hélène amefuta lenzi. Matone. Giza. Kisha mwanga wa kijani badala ya mweupe. Anasema damu inaumeza, ndiyo maana mishipa inabaki myeusi. Kweli, imeonekana yote, na matone ya damu inayovuja. Daktari: aje leo hii! Gari la parokia limemchukua saa saba. Alinishika mkono mimi. "Aksanti, mutoto wangu." Nikamfungia mlango wa gari.

Jumapili, 12.
Habari kutoka Goma: wamemtibu, jicho litabaki na mwanga wake. Hélène amepongezwa kanisani, mbele ya watu wote. Na mimi? Bila picha yangu mbaya, daktari angejuaje kwamba ya pili ni nzuri?
Kesho tunapima macho ya waliokimbia vita, foleni ndefu. Kwenye kompyuta nimegundua kitufe kilichoandikwa "automatique", yaani mashine inafanya yote yenyewe. Hakitaki matone. Hakitaki giza. Hakitaki Hélène.