Sakafu ya Mbao Juu ya Kijia cha Zege

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Jumapili. Mara ya mwisho aliteleza kwenye kijia chetu cha zege, kati ya geti na mlango wa mbele, akakaa chini majirani wakimtazama. Akaapa hatakanyaga tena hapa mpaka kijia kirekebishwe. Miezi minane sasa. Mke wangu anamkumbuka mama yake na mimi ananinunia. Anataka tumwite seremala wa nyumba ya pili. Nimemwambia seremala wa nini, mikono ninayo. Ameitazama mikono.

Jumanne, 4 Machi
Nitafunika zege lote kwa sakafu ya mbao. Mbao nimenunua kwa seremala yuleyule. Kauliza kama nimepima. Nimepima: urefu na upana, kwa hatua zangu. Akauliza, na kimo? Nimemjibu sakafu hulala chini, haina kimo. Ana kijicho, yule.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi imeanza. Misumari haiingii kwenye zege. Nimepinda kumi na saba. Zege hili lina ukaidi wa ukoo wa mke wangu (naandika hapa tu). Kidole gumba kimevimba. Seremala amechungulia juu ya ukuta, akasema boriti zilale tu juu ya zege, zishikane zenyewe kwa skrubu. Wazo hilo nilikuwa nalo. Kisha akauliza geti linafungukia wapi. Umbea mtupu. Nimepiga marufuku geti mpaka Jumapili. Wote wapite mlango wa uani, chini ya kamba za nguo.

Jumamosi, 8 Machi
Imekwisha! Imepanda vidole vinne juu ya zege, haitikisiki. Mke wangu ametembea juu yake bila viatu, akarudia, akatabasamu. Tabasamu hilo sikuwa nimeliona tangu mama yake ateleze. Machozi yalinilengalenga. Nimesingizia vumbi la mbao.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kafika saa nne. Geti linafungukia ndani. Limefunguka upana wa kiganja, likagota kwenye ubao wa kwanza. Yeye akasukuma, mimi nikavuta. Shikamoo yangu ilipita. Yeye hakupita. Mke wangu akamwomba azungukie uani. Akasema hakusafiri kwa muda wa saa sita aje kuingilia kwenye nguo mbichi, na akaanza kuuliza basi la kurudi. Mke wangu akaniangalia. Sitaki kuandika alivyoniangalia.

Seremala akaja bila kuitwa. Akang'oa geti kwenye bawaba, akaliegemeza ukutani. Mama mkwe akapita na fimbo yake mpaka mlangoni bila kuteleza. Akageuka, akashukuru kwa kijia kizuri. Alimshukuru seremala. Mke wangu hakumsahihisha. Alikuwa anacheka huku amemkumbatia mama yake.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe atakaa mwezi mzima. Seremala amekata geti chini, sasa linafunguka. Mbwa wa jirani naye anapita chini yake. Mama analalamikia kitu kimoja tu: sakafu ya bafu inateleza. Mbao zimebaki. Naanza kesho. Seremala ameuliza mlango wa bafu unafungukia wapi. Mtu huyu na milango! Unafungukia ndani. Nitajifungia humo mpaka nimalize, asipate pa kuchungulia.