Kilulu Ndani ya Kopo

Jumatatu, 22 Machi 1993. Kapata, Katanga.

Vijana wa Numbi, mkubwa wao hapa mtaani, wamepita na chaki. Kila nyumba ya watu wa Kasai imepigwa msalaba mlangoni. Ya kwetu miwili. Labda sababu mlango ni mpana. Tuna hadi Jumapili kuondoka, eti turudi kwetu Kasai. Nimemweleza Numbi kwamba mimi ni mzaliwa wa hapahapa Kapata, Kasai sijaikanyaga hata siku moja. Amejibu kwamba treni inaijua njia. Ntumba, mke wangu, ameanza kufunga masufuria. Nimemkataza. Hatuendi popote. Natafuta mpango.

Jumanne, 23 Machi.

Mpango upo! Jumamosi vijana wana mkutano uwanjani. Nitawapa sinema. Kopo la maziwa ya unga, mipasuo kumi na miwili ubavuni, picha kumi na mbili ndani, kopo lote juu ya gramafoni yetu. Gramafoni inazunguka, unachungulia kwenye mpasuo, picha zinageuka mtu mmoja anayetembea. Na muziki unalia humohumo. Miaka kumi na saba nimenakili ramani za mgodi ofisini. Mstari wangu haujawahi kupinda.

Mtu wangu: baba wa Kasai, sanduku kichwani. Anatoka nyumbani akicheza rumba, anapanda treni kwa furaha. Halafu anaanza tena. Vijana watapenda sana. Na nani atamfukuza mtu anayemchekesha? Sioni kasoro.

Alhamisi, 25 Machi.

Kopo lilikuwa linagonga mkono wa sindano. Nimeliinua juu ya kipande cha mti. Sasa mkono unapita chini. Kwa jaribio nimechora mtu anayerukaruka mahali pamoja. Gramafoni kwa mwendo wa 33: mtu mgonjwa. Mwendo wa 45: anacheza! Nilisahau kula.

Jirani Mukalay ameingia bila kubisha. Fundi wa pampu, mtu wa kaskazini ya Katanga, kwa hiyo mlango wake hauna chaki. Amesema atatupeleka stesheni na kamioneti, gari dogo la mizigo la shemeji yake, kabla barabara haijafungwa. Haraka ya nini? Anaitaka veranda yetu. Miaka mingi naona anavyoitazama. Nimemkatalia kwa adabu. Ntumba amerudia kufunga masufuria.

Ijumaa, 26 Machi.

Picha zote kumi na mbili tayari. Nimezipanga kutoka kushoto kwenda kulia, safi kama mwandiko. Umeme umekatika mtaa mzima, sikuweza kujaribu. Haidhuru. Barabara ya nyuma wamechoma nyumba mbili. Majivu yanaanguka kwenye wino. Ntumba amekaa juu ya furushi la masufuria, viatu mguuni. Nimemwambia avue. Hakuvua.

Jumamosi, 27 Machi.

Saa tisa mchana, uwanjani. Jenereta ipo. Watu kama mia, wengine na mapanga. Numbi alichungulia wa kwanza. Akacheka, akasema hiki ni kilulu ndani ya kopo. Kilulu, yaani mdudu, ndilo jina tulilopewa mwaka huu. Nikacheka naye. Halafu akainama zaidi. Akachungulia tena. Akaita wenzake.

Nikachungulia na mimi.

Mtu wangu alikuwa anashuka treni. Kinyumenyume, matako yametangulia, sanduku kichwani, anacheza mpaka ndani ya nyumba. Anaingia. Anashuka tena. Anaingia tena. Kwa rumba.

"Tata Muteba," Numbi akaniambia polepole, "unatuambia mutarudia hapa?"

Nilitaka kueleza. Muziki ukafunika maneno yangu. Mtu wangu naye haachi, anaingia tu. Mwenye panga alisogea mpaka nikasikia harufu ya kutu. Ndipo Mukalay alipopenya katikati, akainua sindano, muziki ukakatika.

"Mumuache," akasema. "Haiko adui. Iko mujinga tu. Miaka yote namujua."

Wakanitazama. Wakakubali. Upesi mno, kwa maoni yangu.

Kopo wamelikanyaga, gramafoni wameichukua. Na hatungoji Jumapili. Tunatoka leo, kabla jua halijazama.

Jumapili, 28 Machi. Stesheni.

Tumeletwa na kamioneti ya Mukalay. Njia nzima ananieleza: gramafoni inazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo picha ya mwisho ndiyo inapita kwanza, ilibidi nianzie kulia. Fundi wa pampu ananifundisha kuchora! Kosa ni la wimbo. Ulikuwa wa polepole mno. Tuliposhuka ameomba ufunguo, eti ataitunza nyumba mpaka siku tutakaporudi. Ntumba amempa, akamshika mikono yote miwili, akalia. Mimi nilijua tangu zamani. Veranda.

Jumatano, 31 Machi.

Maelfu, tunalala kando ya reli. Mvua. Jana mama mmoja alimzika mtoto wake nyuma ya ghala. Ntumba ana homa. Kesho linaondoka behewa moja la watu sitini, na sisi kwenye foleni ni wa hamsini na hamsini na moja. Ntumba anasema tukae, tusimsumbue mtu, tutapanda. Lakini kukaa tu ni kazi ya watu wasio na akili. Nimesikia bwana anayepanga foleni anapenda muziki, na ana gramafoni ofisini. Akituweka wa kwanza, Ntumba atapata pembe ya kulala.

Kopo nimepata. Nachora bwana na bibi, wanapanda behewa, wanacheza. Wimbo wa haraka safari hii.

Ntumba amefumbua macho, ameuliza picha nimeanzia upande gani. Nimemjibu: kushoto, kama kila mtu aliyesoma.