Kuku wa Chairman

Wasee, leo nimechomeka ile mbaya, aibu tupu. Ushahidi niko nao hapa kwa kikapu na unapumua. Someni mpaka mwisho, halafu mniambie kama kuna mtu mwingine Kibera hii ambaye amewahi kuvuliwa cheo na mdomo wake mwenyewe.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Odhis wa Mashimoni, kinyozi mchana na bingwa wa draft masaa yote. Tuko na klabu ya draft mtandaoni, nusu watu wa Kibera, nusu watu wa Kawangware. Zamani tulikuwa tunacheza na vifuniko vya soda juu ya ubao, siku hizi kila mtu anacheza kwa simu akiwa kwake, na group ndiyo ofisi.

Uongozi kwetu hauendi kwa kura. Kura tulijaribu, watu wa Gatina, huko Kawangware, wakatoka kwa group wote kwa hasira, tukabaki tukijipigia makofi sisi kwa sisi. Walipobembelezwa wakarudi, tukakubaliana kiti kiwe kinachezewa. Anayeshinda tournament ndiye chairman, ndiye admin, na akishindwa anakabidhi siku hiyo hiyo. Chairman wetu wa mwisho alipata kazi Doha akatuachia salamu, nami nikashikilia kiti kama kaimu. (Hilo neno kaimu silipendi. Ni kama kuvaa suti ya kukodi.) Leo ndiyo ilikuwa fainali, mimi na Njoro wa Gatina. Nikishinda, kaimu inatoka mbele ya jina langu.

Njoro ni mtoi wa landlord. Mpole sana. Ukimla kete anasema asante. Sasa mtu kama huyo utamwogopea nini?

Kuna sheria lazima niwaeleze, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Tournament iliyopita jamaa mmoja alipatikana anacheza na wazee watatu wamesimama nyuma yake wanamnong'onezea. Nikakasirika, nikaandika sheria mpya: wachezaji wote wawili wawe kwa call, maiki wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, klabu nzima isikilize. Na mtu wa group akimpa mchezaji hata dokezo moja, anatolewa. Sheria nzuri sana. Niliitunga mwenyewe, nikaipitisha mwenyewe.

Na sasa mama. Mama yangu alifika juzi kutoka ushago, kule kijijini. Kwa simu nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni chairman. (Sikusema wa nini. Yeye pia hakuuliza.) Akatangazia kina mama wote wa kanisa, akapanda gari, akaja na jogoo mwekundu mnene ambaye hata mbwa wa plot yetu ya wapangaji walimpisha. Jana mimi nikawasha jiko. Mama akauliza hicho cheo nimeshakalishwa rasmi? Ikabidi niseme ukweli, kwamba ni mpaka fainali ya leo.

"Basi zima jiko," akasema. "Huyu kuku ni wa chairman. Niliwaambia watu wa kanisa hivyo, na kanisani sidanganyi."

Nikazima. Siku moja tu, nikajiambia. Hata viungo nikanunua.

Leo baada ya kanisa tukaanza. Keja yangu ni chumba kimoja, kwa hivyo mimi niko kwa stuli, mama yuko kwa kitanda, jogoo amefungwa kwa mguu wa meza. Maiki wazi, kama sheria inavyosema. Mama hajui draft hata kidogo, lakini kunyamaza pia hajui. Kiswahili chake ni cha soko tu, kwa hivyo tunaongea Dholuo, lugha ya kwetu. Nikafikiria sheria yangu. Nikaona hakuna shida. Mama hawezi kunisaidia, na Njoro ni mtu wa Gatina, Dholuo atakuwa ameitoa wapi?

Mama akauliza kwa nini nimeiacha ile kete ya kona peke yake.

Nikamweleza kwa raha zangu. Kwa draft kula ni lazima, mama, hata kama hutaki. Nikisogeza hii ya kona, huyu kijana atalazimika kula moja, halafu mimi ninakula tatu. Mama akasema ehee, mwanangu ana akili. Kabla sijaisogeza, Njoro akaziba pengo.

Bahati hiyo, nikasema. Nikatengeneza mtego mwingine upande wa kushoto. Mama akauliza na huo ni wa nini. Nikamweleza. Njoro akauziba pia.

Wakati huo simu inalia tu, meseji za group zinaingia kama mvua. Sikuzifungua, nikajua watu wa kwetu wananishangilia. Ile moja niliyoiona ilitoka kwa Atieno, katibu wetu, mtu wangu kabisa wa Raila Village, hapa hapa Kibera. Alikuwa ameandika: "Chairman, nyamaza."

Nyamaza? Mimi? Katikati ya fainali? Nikajua amenunuliwa na Gatina. Na si ni dokezo hilo? Sheria ni sheria. Nikamtoa kwa group hapo hapo. (Leo nimemtoa mtu mmoja tu kwa hiyo group, na ndiye aliyekuwa upande wangu.) Baada ya hapo hakuna mwingine aliyethubutu kuandika neno. Ni vicheko tu vilikuwa vinatumwa, mstari kwa mstari, na mimi nikadhani wanamcheka Njoro.

Mama sasa akataka kumjua huyu mpinzani. Ni mtu wa aina gani? Nami nikiwa nimejaa upepo nikamjibu kwa sauti, kwa Dholuo safi.

"Baba yake ana maplot, mama. Hata kichwa cha huyu kijana ni plot. Kubwa, lakini haina mpangaji."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa simu, Njoro alikohoa kidogo. Nikadhani ni vumbi.

Mchezo ukafika pabaya. Kete zangu zilikuwa zimepungua, zake zimesimama kama askari. Lakini bado nilikuwa na njia ya kufikisha kete upande wa pili iingie kingi, na kingi yangu mnaijua, ikishaingia haimwachi mtu. Mama akaona uso wangu umebadilika, akauliza kama kuna taabu.

"Hakuna taabu," nikamwambia. "Kuna kitu kimoja tu. Asisogeze ile ya katikati. Akisogeza ile ya katikati, nimekwisha."

Hata jogoo aliacha kukwaruza sakafu.

Njoro akasogeza ile ya katikati.

Nikala, kwa sababu kula ni lazima. Yeye akala nne, akaingia kingi, na ubao wangu ukabaki mweupe. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie mama kwamba huyu jamaa ana bahati ya ajabu, ndipo simu ikaongea. Ikaongea Dholuo. Tena si ile ya kubahatisha ya hapa Nairobi, ilikuwa Dholuo ya Homa Bay, na heshima zake zote.

"Erokamano ahinya, mama," Njoro akasema. "Asante kwa kumuuliza maswali mazuri. Mwambie Odhis kwa ile plot kuna mpangaji mmoja."

Wasee. Klabu nzima ilikuwa kwa call. Nilisikia mtu kwa mbali akianguka kutoka kwa kiti.

Mama hakuaibika hata kidogo. Alininyang'anya simu. Akamuuliza Njoro ni mtoto wa nani na nani alimfundisha kuongea vizuri hivyo. Njoro akamweleza kwamba mama yake alikuwa anashinda dukani, akalelewa na mpangaji wao, mama mmoja wa Homa Bay, na mpaka leo anamwita mama. Wakaongea samaki. Wakaongea mvua. Waliongea mpaka nikaanza kujisikia mgeni kwangu.

Nikakabidhi uadmin. Kitu cha kwanza chairman mpya alifanya ni kumrudisha Atieno. Na kitu cha kwanza Atieno aliandika ni: "Si nilikwambia?"

Mama akarudisha simu, akaniangalia.

"Kwa hivyo chairman ni nani?"

Nikasema polepole kwamba ni yeye. Njoro.

Mama akainama, akamfungua jogoo kwa mguu wa meza, akamtia kwa kikapu. Nikamwomba. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, si Njoro. Nikamwonyesha viungo. Akasema viungo pia nipeleke.

"Nilisema kuku ni wa chairman," akasema. "Unataka nirudi kanisani niseme nini?"

Ndiyo maana saa hii niko juu ya boda naelekea Gatina, kikapu mapajani, na huyu jogoo amewika njia nzima kama anayetangaza matokeo. Ukiniona, nisalimie kwa heshima na usicheke. Hicho kiti tournament ijayo ninakichukua, wekeni hiyo mahali. Plan iko tayari, na safari hii nimemwambia jogoo peke yake, ambaye jioni analiwa.